Serikali si "siri kali", lakini gereza kweli lilianzia kanisani

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto wawili, na nina daftari ambalo kwa muda mrefu nimekuwa nikiandika maneno na asili zake ili siku moja niwasomee wanangu, na ikiwezekana nilichape kama kijitabu. Mjomba wa mume wangu, ambaye ni msemaji mzuri na mtu wa kusoma, amenipa mengi ya kuandika: kwamba 'serikali' limetokana na 'siri kali', kwamba 'gereza' asili yake ni kanisa, kwamba 'pesa' ni neno la Kireno, na kwamba ni makosa kusema mtihani ulikuwa 'rahisi', kwa sababu rahisi ni kitu cha bei ndogo tu. Juzi amekwenda mbali zaidi akawakataza wanangu kuamkia 'shikamoo', kwa kuwa eti ni salamu ya mtumwa kwa bwana wake. Kisha yuko bibi yangu, mwenye miaka 84. Akimwona mtoto amebeba bakuli lililojaa maji humwambia 'nenda kwa siasa', na watu hucheka wakidhani uzee umemchanganya. Nifute nini katika daftari langu, na nibaki na nini? Na je, mtu akishajua asili ya neno, analazimika kubadili namna anavyolitumia?"

Marahaba, mama. Nimeitikia salamu yako makusudi kabla ya jambo lingine lolote, na sababu yake nitaifikia. Maswali yako yanaonekana kuwa mengi, lakini nikiyasoma kwa utulivu naona hofu mbili. Ya kwanza ni kwamba huenda unawaandikia wanao uongo. Ya pili, ambayo naiona nzito zaidi, ni kwamba huenda maneno unayoyatumia kila siku yana maana iliyofichika, na kwamba anayeijua maana hiyo amepata haki ya kukusahihisha mbele za watu. Hofu ya kwanza ina msingi. Ya pili haina, na nitakueleza kwa nini.

Niseme mapema kwamba mjomba amepatia katika lile ambalo pengine ulikuwa tayari kulifuta, na amekosea katika lile linalovutia kuliko yote. Jambo hilo halinishangazi. Asili za kweli za maneno huwa na njia ndefu yenye mabaharia, makarani na sarafu za shaba, na mara nyingi hazifundishi chochote. Asili za kubuni huwa fupi, hubeba fundisho ndani yake, na hukaa vizuri katika kinywa cha msemaji hodari.

Wazo la "siri kali" limeenea sana, na nimelisikia likisemwa kwa uzito hata na watu wenye elimu kubwa. Linapendeza kwa sababu linasema jambo ambalo wengi wanalihisi kuhusu wenye mamlaka. Hata hivyo neno hili limetoka katika Kiajemi, "sarkar", ambalo lina vipande viwili: "sar", yaani kichwa, na "kar", yaani kazi. Sarkar alikuwa mkuu wa kazi, msimamizi. Baadaye neno likawahusu wenye mamlaka kwa jumla, na katika Bara Hindi likawa jina la kawaida la utawala, hata Waingereza walipokuwa ndio watawala. Mpaka leo mtu anayezungumza Kihindi akitaka kuitaja serikali husema "sarkar". Njia zile zile za Bahari ya Hindi zilizoleta "bandari", ambalo nalo ni la Kiajemi, zililileta na hili.

Utaniuliza, na ni haki yako: nitajuaje kwamba wewe nawe hunisimulii hadithi, ila ndefu kuliko ya mjomba? Litazame umbo la zamani la neno. Walioandika Kiswahili cha karne ya 19 waliliandika "serkali" au "sirkali", bila irabu kati ya r na k. Kama chanzo kingekuwa "siri kali", irabu ile ndiyo ingekuwa kongwe, na tungetazamia kuiona mapema kisha ikipotea. Kilichotokea ni kinyume chake: irabu iliingia baadaye, kwa sababu Kiswahili hakipendi konsonanti mbili zigongane katikati ya neno na huzitenganisha kwa irabu. Ndivyo "waqt" la Kiarabu lilivyokuwa "wakati", na "qadr" likawa "kadiri". Zaidi ya hayo, kivumishi "-kali" ni cha Kibantu. Hakiwezi kuwa kilizaa neno ambalo Waajemi na Wahindi walikuwa wakilitumia kwa maana ile ile ng'ambo ya bahari. Na mwisho, muulize mjomba akuonyeshe sentensi moja, ya wakati wowote, ambamo "serikali" lilimaanisha siri. Hataipata. Neno halisafiri kutoka maana moja hadi nyingine bila kuacha nyayo njiani, na hapa hakuna nyayo.

Hilo basi lifute, au bora zaidi, liache katika ukurasa wa utani, kwa sababu kama utani ni zuri sana.

Kwa "gereza" mambo yamegeuka. Wareno walianza kuijenga Fort Jesus ya Mombasa mwaka 1593, na ndani ya kuta zake waliweka kanisa. Kanisa kwa Kireno ni "igreja". Litamke polepole kwa kinywa cha Mswahili uone kinachotokea: irabu ya mwanzo inadondoka, "e" inaingizwa kati ya g na r kama ilivyoingizwa "i" katika serikali, na ile j ya Kireno, sauti ambayo Kiswahili hakina, inapelekwa kwenye jirani yake wa karibu, z. Mtu aliyesimama nje ya ngome hakuona vyumba. Aliona ukuta mmoja mkubwa, na jina alilolisikia likitajwa na waliomo ndani akalipa jengo zima. Ngome ilipotekwa na Waomani mwezi Desemba 1698, baada ya kuzingirwa kwa karibu miaka mitatu, kanisa lilikwisha kazi lakini jina lilibaki juu ya kuta. Na ngome, popote ilipo, huwekwa askari na hufungiwa watu. Kamusi za karne ya 19 hulieleza gereza kama ngome na pia kama mahali pa kufungia wahalifu. Kisha Waingereza wakaifanya Fort Jesus kuwa jela rasmi kuanzia 1895 hadi 1958, na maana ya ngome ikafifia kabisa katika mazungumzo ya kila siku. Ukienda Kilwa Kisiwani utakuta magofu ya ngome ufukweni ambayo hadi leo yanaitwa Gereza, ingawa wanaotembelea hapo wengi hudhani jina linatokana na wafungwa.

Nimekaa hapa kwa muda kwa sababu neno hili linaonyesha vizuri jinsi maana inavyohama. Hakuna mtu aliyeamka siku moja akaamua kwamba kanisa liwe jela. Kila hatua ilikuwa fupi na yenye akili: kutoka sehemu ya jengo hadi jengo, kutoka jengo hadi kazi yake. Ni umbali wa jumla tu ndio unaotushangaza, kama anayeangalia nyuma baada ya kutembea siku nzima. Wakati huo huo nafasi ya kanisa haikubaki tupu, kwani Kiarabu kilikuwa na "kanisa" lake, na ndilo tunalolitumia.

Kabla sijaendea fedha, niongeze jambo kuhusu maumbo, maana litakusaidia kuwaeleza watoto. Neno geni likiingia katika Kiswahili haliachwi likae kama mgeni sebuleni, hupewa kazi. "Kitab" la Kiarabu lina mzizi wa konsonanti tatu, k, t na b, ambao pia umetupa "katibu" na "maktaba". Ile "ki" ya mwanzo ni sehemu ya mzizi wenyewe. Lakini sikio la Mswahili lilisikia kiambishi cha ngeli, kikawa kitabu kimoja na vitabu viwili, jambo ambalo Mwarabu hawezi kulitambua hata kidogo. Ndivyo mzunguko wa barabarani, ulioitwa kwa maneno ya Kiingereza yanayomwamuru dereva abaki kushoto, ulivyokuwa kipilefti, na ikiwa mingi, vipilefti. Ndivyo "waya" ilivyofuata mkondo wa "wayo" na "nyayo", tukapata nyaya za umeme. Huwa nafurahi sana nikikutana na mifano hii. Watu husema lugha imeharibika kwa maneno ya kukopa. Mimi naona lugha yenye afya inayomeng'enya kila inachokula.

Katika "pesa" siwezi kukubaliana na mjomba, ingawa kosa lake ni la heshima na limeandikwa hata vitabuni. Kwa Kireno "peso" ni uzito. Sarafu iliyoitwa peso ilikuwa ya Wahispania, tena kubwa na ya fedha halisi, na pwani sarafu za namna hiyo zilijulikana kwa majina mengine, kama riale. Kwa upande mwingine Wahindi walikuwa na "paisa", sarafu ndogo ya shaba, ambayo 64 kati yake zilifanya rupia moja, na rupia ndiyo iliyokuwa ikitumika pwani katika karne ya 19. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipotoa sarafu zake kuanzia mwaka 1890, zile za shaba ziliitwa pesa, na hesabu ilikuwa ile ile ya 64 kwa rupia. Umbo linakubaliana, maana inakubaliana, mahali na wakati vinakubaliana. Ukiwa na shahidi mmoja mwenye sura inayofanana, na mwingine mwenye sura, nyumba na kazi inayofanana, huna sababu ya kusita. Andika Kihindi.

Na kwa kuwa umeanza na pesa, ongeza "hela", ambayo ninaipenda zaidi. Mwaka 1904 Wajerumani waliacha hesabu ya 64 wakaigawa rupia katika vipande 100, kila kimoja kikiitwa "Heller". Jina hilo halikuwa jipya. Lilitokana na mji wa Hall, kusini mwa Ujerumani, uliogonga sarafu ndogo za namna hiyo tangu Enzi za Kati. Kwa hiyo mtu anaposema hana hela, anautaja bila kujua mji ambao huenda hatauona maishani. Utagundua pia jambo la kuchekesha kidogo: rupia, iliyokuwa kubwa, imetoweka katika mifuko yetu, lakini visarafu viwili vidogo kabisa, pesa na hela, ndivyo vilivyopanuka hadi vikawa majina ya utajiri wote. Labda ni kwa sababu wengi wa watu hawakushika kubwa mara nyingi.

Sasa nije kwenye "rahisi", kwa sababu hapa mjomba ana ukweli mkononi lakini anautumia vibaya. Ni kweli kwamba "rakhis" kwa Kiarabu ni kitu cha bei nafuu. Ni kweli pia kwamba wako wasemaji wanaopendelea "-epesi" kwa jambo lisilo na ugumu. Lakini wasemaji wa Kiswahili walichukua hatua moja zaidi: kisichogharimu fedha nyingi kikafananishwa na kisichogharimu nguvu nyingi, na maana zote mbili zimo katika kamusi zetu. Mtihani wako ulikuwa rahisi, na sentensi yako ilikuwa sahihi.

Kosa la mjomba ni kudhani kwamba maana ya kwanza ndiyo maana halisi, na zote zilizofuata ni uchafu ulioigandama. Tukifuata kanuni hiyo hatutaweza kuzungumza. "Mshahara" limetokana na "shahr", yaani mwezi. Ni malipo ya kila mwezi. Basi anayelipwa kila wiki akatae kuuita mshahara? (Waingereza nao wana hadithi yao kuhusu neno lao la mshahara, kwamba askari wa Roma walilipwa chumvi. Neno la Kilatini kweli lina chumvi ndani yake, lakini hakuna maandishi ya kale yanayoonyesha askari akipimiwa chumvi siku ya malipo. Umeona kwamba ugonjwa huu si wetu peke yetu.) "Jumatano" ni siku ya tano kwa hesabu ya Kibantu, inayoanza Jumamosi, "Alhamisi" ni siku ya tano kwa hesabu ya Kiarabu, inayoanza Jumapili. Tuna siku mbili za tano zinazofuatana, na hakuna aliyewahi kukosa miadi kwa sababu hiyo. Na kamusi yenyewe, hiyo ambayo mjomba anaitegemea? "Qamus" kwa Kiarabu ni bahari kuu. Mwanachuoni al-Firuzabadi, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 15, aliliita kusanyo lake kubwa la maneno "bahari izungukayo", likawa maarufu mno hata jina la kitabu kimoja likageuka kuwa jina la vitabu vyote vya aina yake. Hakuna anayetafuta samaki ndani ya kamusi.

Maana ya neno iko katika makubaliano ya wanaolitumia leo. Asili inatueleza neno lilipitia wapi, wala haina mamlaka ya kulirudisha huko.

Kwa msingi huo niijibu "shikamoo". Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba imetokana na kushika miguu, "nashika miguu yako", na ndiyo maana anayeitoa ni mdogo kwa mkubwa. Sikatai kwamba katika jamii iliyokuwa na mabwana na watumwa, salamu ya unyenyekevu ilitumika pia kati ya mtumwa na bwana. Ingekuwa ajabu isitumike. Lakini kugusa miguu ya mkubwa kama ishara ya adabu ni jambo linalofanywa na watoto kwa wazazi wao katika jamii nyingi, Wahindi wakiwemo, bila utumwa wowote kati yao. Na lugha yenyewe inatuonyesha kwamba wasemaji wamekwisha kuiacha miguu nyuma: tukiwaamkia wengi tunasema "shikamooni", tunaongeza "-ni" mwishoni kama tufanyavyo kwa kitenzi chochote cha kuamuru wengi, jambo lisilowezekana ikiwa tungali tunasikia "miguu" ndani yake. Jibu lake, "marahaba", ni la Kiarabu, kutoka mzizi wenye maana ya nafasi, upana: umefika mahali penye wasaa. Ndiyo maana nilikuitikia mwanzoni. Ulinipa heshima, nami nikakupa nafasi. Sikuona mtumwa wala bwana.

Ipo hoja nyingine ambayo ni ya haki, na sitaki kuifunika. Mtu anaweza kuamua kuacha neno kwa sababu linamuumiza yeye au jirani yake leo, na uamuzi huo unastahili kusikilizwa. Yapo maneno ya kuwaita watu yaliyoanza bila ubaya yakawa matusi, na kumwambia aliyeumizwa kwamba "asili yake haina shida" ni ukosefu wa adabu. Lakini kipimo hapo ni maumivu ya sasa, na kinapimwa kwa kuwasikiliza wanaoitwa hivyo. Ikiwa wanao wanamwamkia mjomba kwa mapenzi naye hapendi, wafundishe salamu nyingine kwa ajili yake yeye. Wasikatazwe kwa wengine wote.

Nikupe sasa njia ya kupima yale yaliyobaki katika daftari lako, maana nadhani yako mengi. Mtu akikuletea asili ya neno kwa kulikata vipande vinavyofanana na maneno ya leo, simama. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya asili ya kubuni, kwa kuwa maneno ya leo ndiyo yanayotujia kwanza kichwani. Uliza neno lilitamkwaje zamani, kisha uliza lilikuwa na maana gani katika kila hatua, kisha uliza wenye lugha inayodaiwa kuwa chanzo walikutana wapi na wenye lugha iliyopokea. Kamusi ya Krapf ilichapishwa London mwaka 1882, ya Johnson mwaka 1939, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Ukilitazama neno moja katika zote tatu utaona lilivyokuwa likisogea. Usichukue asili iliyoandikwa humo kama neno la mwisho, maana waandishi wake walikuwa watu, na baadhi waliona Kiarabu hata pasipokuwapo. Mimi mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi niliandika insha nzima nikitetea asili moja tamu ya neno, na mwalimu wangu akanirudishia ikiwa na swali moja tu pembeni: nani alilisema hivyo, na lini? Sikuwa na jibu.

Kwa kuwa unakusudia kuchapa kijitabu, kuna hatua ambayo jibu langu la maandishi halitoshi. Peleka orodha yako wewe mwenyewe kwa watu ambao kazi yao ni hii: Baraza la Kiswahili la Taifa ukiwa Tanzania Bara, Baraza la Kiswahili Zanzibar ukiwa visiwani, au idara ya Kiswahili ya chuo kikuu kilicho karibu nawe. Fanya hivyo hasa kwa maneno ambayo hukuyakuta katika kamusi yoyote, na kwa yale yanayohusu majina ya makabila na watu, ambayo kosa dogo linaweza kumdhalilisha mtu.

Nimemwacha bibi mwisho kwa sababu ndiye aliyenifanya nijibu barua yako kabla ya nyingine. Uzee haujamchanganya. "Siyasa" kwa Kiarabu ni uongozi na utawala, na mzizi wake ni ule ule wa "sa'is", mtunza farasi: kumwongoza mnyama mwenye nguvu kwa mkono mtulivu, bila kumshtua. Katika Kiswahili cha zamani sehemu hiyo ya utulivu ilishika nguvu, na kamusi za mwanzoni mwa karne ya 20 zinalieleza neno "siasa" kama upole, utaratibu na uangalifu. Kwenda kwa siasa kulikuwa kwenda polepole, bila papara. Maana ya mambo ya vyama na utawala ndiyo iliyokuja kutawala baadaye, katika miaka ile ile ya kudai uhuru na iliyofuata, ambapo maneno mengi yalipewa kazi mpya: "ujamaa", lililokuwa undugu, likawa jina la mfumo wa uchumi katika Azimio la Arusha la mwaka 1967, "bepari", ambalo kwa Wahindi ni mfanyabiashara tu, likawa jina la mnyonyaji, na "kabaila", kutoka neno la Kiarabu la kabila, likafuata nyuma yake. Leo tukisema mtu anafanya siasa, mara nyingi hatumsifu. Bibi yako ameibeba maana ya zamani, na aliyemcheka ndiye asiyelijua neno.

Lisifutwe hilo. Lakini usiishie kuandika "siasa: upole" kisha ukageuza ukurasa. Andika sentensi nzima kama alivyoisema, andika tarehe, andika alilelewa wapi na nani alikuwa akimwambia hivyo alipokuwa mtoto. Usimkalishe na kumuuliza "siasa maana yake nini", kwa sababu akiulizwa hivyo atakupa jibu alilolisikia redioni. Mjaze mtoto maji katika bakuli, mwambie apite mbele ya bibi, nawe ukae karibu na kalamu.